Bibi Aliyekosekana Pichani

Sajenti Pudensiana aliposhuka kwenye gari la polisi pale Karema, kitu cha kwanza alichokabidhiwa kilikuwa kandambili. Ya kijani, ya mguu wa kushoto, imelowa na kujaa mchanga. Mvuvi aliyeileta, Yohani, aliishika kwa mikono miwili kana kwamba inaweza kuvunjika.

"Nimeiokota majini, afande, upande ule wa mawe. Wenyewe wameshaitambua. Ni ya bibi."

"Umeiokota saa ngapi?"

"Alfajiri hii, nikitoa nyavu. Na pale kwenye mawe..." Yohani alipunguza sauti. "Mamba wapo pale. Sitaki kusema, lakini wapo."

Sajenti aliigeuza ile kandambili, akaitazama kamba, akaitazama soli. Kamba ilikuwa nzima. Akaitia kwenye mfuko wa nailoni na kumpa Konstebo Osward, kijana wa kituo cha hapo hapo aliyempigia simu Mpanda usiku wa jana.

"Haya, Osward. Nieleze tena, safari hii polepole."

Osward akaeleza. Jumamosi Mwalimu Lucia, anayefundisha hapo Karema, alifunga ndoa kanisani na Mwandu, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Lucia kwao ni kijiji kinachoitwa Mamba, Mpimbwe halisi. Mwandu ni Msukuma. Babu yake alihamia Kakese na ng'ombe kutoka Shinyanga, Mwandu akazaliwa hapo. Baada ya misa na chakula, jamaa wote waliteremka ufukweni kupiga picha jua likizama. Bibi Dorotea, mama yake baba wa bibi harusi, alikuwepo. Picha zilipokwisha, hakuwepo. Wakatafuta kwa tochi mpaka wakachoka, na alfajiri mitumbwi ikaingia ziwani.

"Na kuna nini tena? Maana naona umebakiza neno."

Osward alitazama kule kwenye nyumba ya Mwalimu Lucia, ambako watu walikuwa wamesimama makundi mawili, moja kila upande wa uwanja.

"Kuna yule bibi mwingine, afande. Bibi Kija, bibi yake Mwandu. Wanasema ndiye anayejua."

*

Maximilian, baba yake Lucia, bado alikuwa amevaa shati jeupe la harusi, limekunjamana na suruali imelowa mpaka magotini. Alikuwa amekesha ndani ya maji akimtafuta mama yake. Alijibu maswali akiwa amesimama. Aliambiwa akae, akakataa.

"Mara ya mwisho kumwona mama yako ni wapi?"

"Amekaa kwenye kiti, kulia kwa Lucia. Nilimkalisha mimi mwenyewe."

"Alikuwa na ugonjwa wowote?"

"Mama? Hana ugonjwa. Anapeta mchele mwenyewe, anasuka mikeka. Ni mzee tu." Kisha akamnyooshea kidole bibi mfupi aliyekaa peke yake kwenye mkeka, amejifunga kitenge cha bluu. "Muulize yule. Niliwasikia wakigombana kabla ya picha. Nilisikia kwa masikio yangu, alimwambia mama: 'Utaondoka leo, upende usipende.' Hayo ni maneno ya kumwambia mtu kwenye harusi?"

"Wengine walisikia?"

"Lucia alisikia. Halafu jana, watu wanalia, mitumbwi inaandaliwa, yule bibi anasimama anasema, 'Msimtafute majini. Dorotea yuko hai.' Amejuaje? Sisi hatujui, yeye amejuaje?"

Kutoka lile kundi la upande wa Mamba kijana mmoja akatamka neno baya, neno ambalo vikongwe wengi huku wameshalilipa kwa maisha yao. Sajenti aligeuka.

"Aliyesema hilo neno aje alirudie hapa mbele yangu, nimwandike."

Hakuja mtu.

"Osward, mwingize bibi ndani. Kaa mlangoni. Mtu haingii bila mimi."

Maximilian akasema, kwa utulivu uliotisha kuliko kelele, "Mama asipoonekana leo, afande, Lucia anarudi Mamba na mimi. Ndoa yenyewe ina siku moja. Haijawa ndoa bado."

Mlangoni, akiwa bado na hina mikononi, Lucia aliyasikia. Hakulia. Alimtazama mumewe upande wa pili wa uwanja, na Mwandu alikuwa anatazama chini.

*

Bibi Kija alimpokea Sajenti kwa adabu kana kwamba ni mgeni aliyekuja kusalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Bibi, Dorotea yuko wapi?"

"Yuko hai."

"Nimeuliza yuko wapi."

"Nimejibu ninaloweza kujibu."

"Watu huko nje wanakusema vibaya. Unajua wanachosema?"

"Nakijua tangu sijazaa. Bibi yangu walimsema hivyo hivyo, tukiwa bado Shinyanga." Alikuwa akimtazama Sajenti kwa jicho la kulia tu. La kushoto lilikuwa na ukungu mweupe katikati, kama maji ya mchele. "Wakinipiga watakuwa wamenipiga. Mimi niliapa, afande. Mimi na mwenzangu tulikula kiapo, na muda wake bado."

"Utaisha lini?"

"Kesho asubuhi."

"Mlikuwa mnagombania nini jana?"

Bibi Kija alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemkumbuka mtu mbishi anayempenda.

"Ubishi wake," alisema.

Sajenti alitoka akiwa na mambo matatu: kiapo cha watu wawili, kesho asubuhi, na bibi asiyeonyesha hofu ya mtu aliyeua. Lakini kutokuwa na hofu si ushahidi, na kandambili ilikuwa kwenye mfuko. Alipiga simu hospitali ya Mpanda, vituo vya afya vya njiani, hata kwa masista wa parokia. Hakuna aliyempokea mwanamke anayeitwa Dorotea.

*

Denis mpiga picha alikuwa na studio Mpanda mjini, nywele amenyoa denge, na moyo wa huzuni kuliko wote pale. Aliamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha, kwa sababu wazo la kuteremka ufukweni lilikuwa lake.

"Mimi nilikuwa nasaka mwanga tu, afande. Mwanga wa pale jioni haupatikani popote mkoa huu. Nikawaambia, twendeni, kazi nitawafanyia ya kufa mtu." Alijishika mdomo. "Samahani."

"Nionyeshe picha zote, kwa mfuatano kama ulivyozipiga."

Alifungua kompyuta yake juu ya meza ya kulia chakula. Za kwanza zilikuwa za maharusi wawili tu, migongo yao kwenye ziwa, jua katikati yao. Walionekana kama vivuli vyeusi, na ukingo wa shela uking'aa kama moto. Hata Sajenti, aliyekuja kwa kazi, aliegemea meza azione vizuri.

"Hapa nawaweka kinyume na jua," Denis alieleza. "Sura huzioni, unaona umbo. Lakini wazee hawapendi picha za vivuli, wanataka sura. Basi kwa picha za ukoo nikawageuza. Wao wakatazama ziwani, jua likawapiga usoni, mimi nikaingia majini kuwapiga kutoka huko."

Picha ya ukoo ikaja. Watu wamejipanga upinde, sura zote za dhahabu. Mwishoni kulia kwa Lucia, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mwanamke mwembamba mwenye kilemba cheupe. Nyuma yake alisimama Bibi Kija, mkono begani kwake.

"Wote wako peku," Sajenti alisema.

"Niliwavua mimi. Mchangani viatu vinaharibu picha. Waliviacha pale mbele, karibu na maji."

"Na baadaye?"

"Baadaye mawimbi yakaja, yakabeba baadhi. Mjomba mmoja kapoteza kiatu kipya, kalalamika mpaka usiku." Alielewa alichokisema. "Kwa hiyo ile kandambili..."

"Ile kandambili iliingia majini peke yake," alisema Sajenti. "Endelea."

Picha iliyofuata ilipigwa kutoka juu kidogo, na kwa pembeni.

"Hapa umehama."

"Nilipanda kwenye mtumbwi uliokuwa umevutwa nchi kavu, upande wa kushoto kwao."

Sajenti alisogeza uso karibu na kioo. Watu wote walikuwa wamegeuza nyuso kutazama ule mtumbwi, hata watoto. Bibi Dorotea peke yake alikuwa ametazama mbele, majini, mahali pasipo na mtu. Na alikuwa anatabasamu. Kidevu ameinua, meno machache yanaonekana, tabasamu la mtu anayejua kwamba anapigwa picha.

Picha iliyofuata, kiti kilikuwa kitupu. Bibi Kija naye hakuwepo.

Halafu zikafuata nyingi za maharusi peke yao, wakitembea, wakicheka, Mwandu akimbeba Lucia na karibu kumwangusha. Mwisho kabisa, giza likianza kuingia, picha moja ya wote. Bibi Kija alikuwa amerudi. Kiti bado kitupu.

"Rudi kwenye ile uliyoipiga kutoka kwenye mtumbwi," Sajenti alisema. "Kule nyuma, barabarani, chini ya michikichi. Hicho cheupe ni nini?"

Denis akaikuza. Kilikuwa gari, mlango wa nyuma uko wazi. Kwenye picha ya mwisho, chini ya michikichi hapakuwa na kitu.

Sajenti alifunga kompyuta.

"Jua likianza kushuka, nataka watu wote ufukweni. Pale pale, vile vile."

*

Walikuja shingo upande. Lucia alikataa kwanza kuvaa shela, akasema ni mkosi, kisha akalivaa. Ukoo wa Mamba ulisimama upande wake na ukoo wa Kakese upande wake, na Denis alihangaika akiwapanga huku akitazama ile picha kwenye simu: wewe rudi nyuma kidogo, wewe mshike mtoto mkono, mjomba ulikuwa hapa. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo, kubwa na jekundu, na licha ya ubaya wote wa siku hiyo sura zao zikawa za dhahabu tena. Bibi Kija aliletwa na Osward akasimama nyuma ya kiti.

Kwenye kiti alikaa Sajenti mwenyewe.

"Denis, ingia majini. Fanya yote uliyoyafanya jana. Ulichosema, sema. Ulichonyamaza, nyamaza." Kisha akafumba macho.

"Nitazameni hapa!" Denis alipaza sauti kutoka majini. "Tabasamu! Bibi, inua kidevu! Hivyo hivyo!"

Sajenti aliinua kidevu. Alisikia mlio wa kamera, kisha mawimbi, kisha upepo. Alisubiri. Mlio wa kamera ukaja mara ya pili kwa mbali, na hapo akafumbua macho. Alikuwa ametazama majini, mahali pasipo na mtu. Denis alikuwa juu ya mtumbwi, kushoto.

"Uliposhika njia ya kwenda huko ulisema chochote?"

"Hapana, afande. Upepo ulikuwa mkali, sauti isingefika. Niliwapungia mkono tu."

"Na wote mkaona mkono," Sajenti aliwaambia wale jamaa. "Mkageuka. Hata huyu mtoto aligeuka. Mtu mmoja hakugeuka." Alimwendea Maximilian, akamwonyesha picha kwenye simu. "Mtazame mama yako vizuri. Anamtazama nani?"

Maximilian aliitazama. Alichukua muda.

"Haoni," alisema.

"Haoni. Au anaona mwanga na vivuli tu. Mchele anapeta kwa mikono, mikeka anasuka kwa vidole. Nyumbani kwake anapajua, kwa hiyo hamkugundua. Lakini hapa ufukweni ni ugenini. Mtu asiyeona hawezi kuondoka kwenye kiti hiki peke yake, apite nyuma yenu bila kujikwaa na mtu. Alishikwa mkono. Na mtu mmoja tu alikosekana pamoja naye, kisha akarudi."

Wote walimgeukia Bibi Kija. Kijana mmoja alipiga hatua mbele. Osward akapiga hatua mbili.

"Bibi," Sajenti alisema, "lile gari jeupe ni la nani?"

Bibi Kija alitazama ziwa. Aliyejibu ni Osward, akijipiga paji la uso.

"La kituo cha afya, afande! Jana jioni lilipeleka wagonjwa Mpanda. Kuna kambi ya macho pale hospitali, madaktari wamekuja, leo ndiyo siku ya mwisho. Lakini niliwauliza, waliopanda ni wale waliojiandikisha tu. Dorotea hayumo."

Sajenti alimtazama Bibi Kija, akalitazama lile jicho la kushoto lenye ukungu. Akatoa simu, akapiga hospitali, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Sista, ni Sajenti Pudensiana tena. Samahani kwa usumbufu. Safari hii simtafuti Dorotea. Mna mgonjwa wa macho aliyeletwa na gari la Karema, anayeitwa Kija?"

"Yupo. Amefanyiwa upasuaji asubuhi, macho yote mawili. Kesho tunamfungua bandeji. Bibi mcheshi sana huyo, amewaimbia wodi nzima."

Lucia alikaa chini mchangani na shela lake, akaanza kulia, kilio alichokuwa amekibana tangu jana.

"Nafasi ilikuwa yako," Sajenti alimwambia Bibi Kija. "Ukampa yeye."

"Mimi sijasema," alijibu Bibi Kija. "Mmesikia nyie wote. Dorotea akiuliza, mwambieni kwamba mimi sijasema."

Maximilian alikuwa amesimama kama mtu aliyepigwa na jua.

"Kwa nini hakuniambia? Mimi ni mwanawe."

Hapo Bibi Kija aliona hakuna tena cha kuficha. Alimshika mkono, akaongea naye taratibu, kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya kwao.

"Aliniambia habari za baba yako. Kwamba Stanslaus aliingia kwenye chumba cha kisu akitembea, akatolewa amefunikwa. Kwamba wewe siku ile uliapa hakuna daktari atakayemgusa mama yako. Alisema, 'Maximilian akijua sioni hatalala, na akijua naenda kwenye kisu atanifungia ndani. Ananipenda mno.' Hata jana alitaka kurudi nyuma. Alisema apigwe picha kwanza, halafu akasema basi, mwaka ujao. Nikamwambia ataondoka leo, apende asipende. Gari lilikuwa linasubiri."

"Na ulikuwa radhi upigwe? Uitwe mchawi?"

"Ungelijua jana usiku ungelipanda pikipiki ukamtoe. Sasa ameshafanyiwa."

Maximilian alijua ni kweli. Alipiga magoti pale mchangani, mbele ya koo zote mbili, akamwamkia upya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, unalowa."

*

Jumatatu asubuhi wodi ya macho ilijaa jamaa kuliko wagonjwa. Sista alijaribu kuwatoa, akashindwa, akaamua kuwapanga ukutani. Sajenti alisimama mlangoni. Jalada lilikuwa la kwake na alitaka kulifunga kwa macho yake.

Bandeji ilitoka polepole. Bibi Dorotea alipepesa, machozi yakamtoka, akapangusa, akapepesa tena. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake, upande mmoja na mwingine, akacheka kwa jinsi ilivyozeeka. Alimtazama Lucia kwa muda mrefu, akampapasa uso, kwa mazoea, kisha akaacha kupapasa akawa anatazama tu. Kwa Maximilian alisema, "Umekonda." Halafu macho yake yakatua kwa bibi mfupi aliyesimama mwisho wa kitanda.

"Na huyu ni nani?"

"Mimi," alisema Bibi Kija.

Bibi Dorotea alishtuka kwa ile sauti. Walikuwa wamefahamiana tangu siku ya mahari, na siku ile ukungu ulikuwa umeshamfunika. Alimtazama kuanzia kilemba mpaka miguuni.

"Sauti yote ile," alisema, "kumbe mwili wenyewe ndio huu?"

Wodi nzima iliangua kicheko, na Bibi Kija akacheka mpaka akashika kitanda. Katikati ya kicheko hicho Sajenti alimwona Maximilian akijipenyeza kutoka, akamfuata kwa macho. Mtu aliyeapa kwamba daktari hatamgusa mama yake alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya sista, kofia mkononi.

"Sista, naomba. Madaktari wameshaondoka?"

"Wanaondoka mchana."

"Kabla hawajaondoka wanaweza kumfanyia mtu mmoja? Jicho moja tu. Nitakaa hapa mimi mwenyewe mpaka atoke."

Sista alivuta kalamu. "Anaitwa nani?"

"Kija. Kutoka Kakese."

Sista aliinua uso akamtazama kama anayemtilia shaka.

"Baba, Kija si tumeshamfanyia jana?"

"Huyo ni mama yangu wa kunizaa," alisema Maximilian. "Sasa nakuletea mwingine."